Mtoto akisema tumbo linamuuma, muulize kaanguka wapi

Kwa zaidi ya miaka 30 nilisomesha bailojia katika sekondari moja ya misheni huko nyumbani. Kila mwaka nilikuwa nachora tumbo la binadamu ubaoni kwa chaki za rangi: ini jekundu, nyongo kijani, kongosho manjano. Wanafunzi wangu wa zamani wakinikuta hapa Maskati hunitania mpaka leo, "Mwalimu, kongosho liko wapi?" Na mie huwajibu bila ya kufikiri: "Nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo."

Basi mwalimu huyo huyo, mwaka jana, mjukuu wake aliumia kongosho ndani ya nyumba anayolala yeye, naye akamkanda tumbo kwa mafuta ya zeituni na kumpa mvuje. Nasimulia haya kwa ruhusa ya wazazi wake. Jina lake naliweka, maana bado ni mtoto na skuli watamcheka. Lakini kisa nakitoa, kwa sababu nyumba zetu nyingi hapa Ghuba zina bibi kama mie, na zina baskeli.

Alama kama sarafu

Ilikuwa msimu wa baridi, wakati ambao watoto wa Maskati hutoka nje baada ya alasiri na hawarudi mpaka waitwe. Mjukuu wangu alikuwa na miaka 9. Baba yake alikuwa amemkataza kupanda baskeli ya mtoto wa ami yake, kwa kuwa ni kubwa na breki zake mbovu. Siku moja alirudi mapema, akajilaza juu ya zulia, amekunja magoti.

"Una nini, baba?"

"Tumbo, Bibi."

Nilimfunua fulana. Juu kidogo ya kitovu palikuwa na alama ya mviringo, nyekundu, kama mtu amembandika sarafu ya baisa 50. Nikamuuliza imetoka wapi. Akanambia kapigwa na mpira. Nikaamini. Nikamkanda, nikamwambia mama yake huyu ana chango tu, kesho atakuwa mzima. Na kweli, baada ya siku tatu nne alikuwa anacheza.

Wiki ya pili akaanza kuacha chakula katikati. Anakula vijiko vinne vya wali, anasema kashiba. Wiki ya tatu akaanza kutapika. Tukampeleka kituo cha afya cha karibu, wakasema ni uchafuzi wa tumbo, wakampa maji ya chumvi na dawa ya kutuliza. Tukarudi mara ya pili, jibu likawa lile lile. Siwalaumu sana, kwani na sisi tuliulizwa, "Kala nini?" tukajibu tulichoulizwa. Hakuna aliyeuliza kama mtoto kaanguka, wala hakuna kati yetu aliyetaja ile alama.

Usiku mmoja mama yake alipomvisha kanzu ya kulalia akaona tumbo la juu limejaa, upande wa kushoto zaidi, kama aliyemeza chungwa zima. Hapo hatukungoja asubuhi.

Daktari aliyeuliza

Hospitalini alitupokea daktari wa kike wa upasuaji wa watoto. Alimgusa mtoto tumbo kwa vidole viwili tu, taratibu, kisha akatuuliza: "Miezi hii miwili alianguka? Alipigwa? Alipata ajali ya gari?" Baba mtu akajibu haraka, "La, hakuna."

Daktari akamtazama mtoto. Mtoto akanitazama mie. Yule bibie akamwomba mkwe wangu atoke nje akajaze fomu, akakaa kitandani, akamwambia kijana, "Mimi sikasiriki. Nataka kujua tu ili nikutibu." Mtoto akalia. Akasema alipanda baskeli ya mtoto wa ami, gurudumu la mbele likageuka, naye akaangukia ncha ya usukani. Ncha ile haikuwa na mpira, ilikuwa chuma kitupu.

Mie nikainamisha kichwa. Alama ile ya sarafu ilikuwa muhuri wa bomba la usukani. Nimeiona kwa macho yangu, nikaipaka mafuta.

Wasomaji wengi mtauliza, usukani wa baskeli na kongosho wapi na wapi? Fikirini lilivyolala. Kongosho ni kiungo laini, kirefu, kimelala kwa upana nyuma ya mfuko wa chakula, na katikati yake limepita juu ya mifupa ya uti wa mgongo. Mtoto hana mafuta mengi tumboni wala misuli migumu kama mtu mzima. Chuma kikiingia kwa nguvu, kongosho linabanwa baina ya chuma na mfupa, kama ndizi baina ya kidole na meza. Linaweza kuchanika, na mfereji uliomo ndani yake ukapasuka.

Ndani ya mfereji huo hupita maji makali. Kongosho lina kazi mbili: hutoa insulini ya kusawazisha sukari katika damu, na hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha chakula, ambavyo hupita mferejini mpaka utumbo mwembamba. Mfereji mkuu tunaufahamu tangu mwaka 1642, pale Johann Georg Wirsung alipouonesha huko Padua, Italia, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mfereji ukivuja, yale maji yanayoyeyusha nyama ya sahani huanza kuunguza nyama ya mwenyewe. Mwili hujihami kwa kuyazungushia ukuta. Wiki zikipita, panakuwa na kifuko kilichojaa maji. Madaktari hukiita sisti bandia. Bandia kwa sababu ukuta wake ni kovu tu, hauna ule utando wa ndani ambao sisti ya kweli huwa nao.

Ndiyo maana mtoto anaonekana kupona kisha anaanza kuumwa upya. Siku za mwanzo kinauma kidonda. Baadaye ni kifuko kinachokua na kuusukuma mfuko wa chakula, hapo tena ndipo mtoto anaposhiba kwa vijiko vinne, anatapika, anapungua, na maumivu yanapenya hadi mgongoni.

Vipimo

Walianza na damu. Wakapima vimeng'enya viwili, amilasi na lipasi, na vyote vilikuwa juu sana. Daktari akatutahadharisha jambo ambalo kila mzazi alijue: katika saa za mwanzo baada ya kuumia, kipimo hiki kinaweza kutoka salama ilhali kongosho limechanika. Mtoto akiendelea kuumwa, damu hupimwa tena.

Kisha altrasaundi, kwa sababu haina mionzi wala haimuumizi mtoto. Hapo tukakiona kwenye kioo: duara jeusi, upana wake sentimita 9. Baadaye akapigwa picha ya CT ili waone kongosho lenyewe na mishipa ya damu iliyo jirani, na siku nyengine MRI ya kuonesha mifereji. Hiyo ya mwisho ndiyo waliyoingojea zaidi. Mfereji ukiwa umekatika kabisa, kifuko huwa kigumu kukauka chenyewe, na pengine itabidi ile sehemu ya kongosho iliyotengwa iondolewe. Wa kwetu ulikuwa umepasuka upande, haujakatika. Tukasema alhamdulillahi, ingawa hatukujua bado tunashukuru nini.

Wiki za kusubiri

Hapa ndipo nyumba ilipotaka kuvunjika. Sisi tulidhani mtoto atapasuliwa kesho yake. Daktari akasema, "Tutasubiri. Wiki 4, pengine 6."

Mkwe wangu ni mtu mpole, lakini siku ile alisimama. "Mtoto ana kitu kama chungwa tumboni, hali, anatapika, nawe unanambia tusubiri?" Jioni ile ile akaanza kupiga simu India, anatafuta hospitali. Ndugu zake wakamuunga mkono. Binti yangu analia. Kila mmoja ana la kusema, na mie ndiye mwalimu, natazamwa.

Nikamwendea daktari peke yangu, nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mwanafunzi. Akanambia: "Mama, umeshachemsha maziwa? Ule utando unaokuja juu, unaweza kuushona kwa uzi? Ukuta wa kifuko hiki sasa hivi ni kama ule utando. Nikishona leo utachanika, maji yatamwagika tumboni. Baada ya wiki kadhaa utakuwa mgumu kama ngozi, utashika uzi. Na vifuko vingi kwa watoto, khasa vidogo, hukauka vyenyewe katika muda huo. Nitampasuaje mtoto ambaye pengine hahitaji kupasuliwa?"

Nikarudi nyumbani nikayasema maneno hayo ya maziwa mbele ya wote. Mkwe wangu akanyamaza, kisha akaniuliza jambo nililokuwa naliogopa: "Mama, ulimkanda?" Nikamwambia ndiyo, nilimkanda. Hakusema kitu. Aliondoka chumbani. Kesho yake nilimuuliza daktari waziwazi kama mkono wangu ndio uliozidisha. Akanijibu kwa ukweli: hakuna awezaye kujua, lakini tumbo lililopigwa halikandwi, halifungwi kitambaa, na halipewi dawa ya kienyeji kabla ya daktari kulitazama. Maneno hayo nimeyabeba na nitayabeba.

Kusubiri kwa hospitali si kukaa bure. Alipitishiwa mpira mwembamba puani, ukapita mfuko wa chakula mpaka ndani ya utumbo mwembamba, akalishwa maziwa maalumu kupitia huko ili kongosho lipumzike. Kila wiki altrasaundi, damu na mizani. Tukaambiwa dalili tatu za kukimbilia: homa, kwani kifuko kinaweza kuingia usaha, kutapika damu au mtoto kupauka ghafla, kwani vimeng'enya vinaweza kutoboa mshipa, na maumivu makali ya ghafla tumbo zima, kwani kifuko kinaweza kupasuka.

Usiku wa siku ya 19 alipata homa. Nilikuwa mie zamu ya kulala naye. Nilishika mkono wake mpaka wakachukua damu na picha, na nilisoma kila dua niliyoijua. Ikawa ni mafua ya kifua aliyoyapata wodini, kifuko kilikuwa salama. Baba yake alifika saa tisa za usiku, akanikuta nimekaa vile vile. Akanifunika shali mabegani, akasema, "Nenda kapumzike, Mama." Tokea hapo hatukuizungumza tena habari ya kukanda.

Siku ya upasuaji

Wiki ya tano ilipoisha, kifuko kilikuwa hakijapungua, kimefika sentimita 10, na mtoto bado anatapika akinywa kwa mdomo. Ukuta wake sasa ulikuwa mnene. Madaktari wakakaa nasi wakatueleza njia zilizopo.

Ya kwanza ni kuingiza sindano na mpira kutoka nje ya tumbo na kuvuta maji. Ni nyepesi, inafaa khasa kifuko kikiwa na usaha, lakini kwa kifuko kilichounganika na mfereji, maji huweza kurudi au kuendelea kuchuruzika kupitia ngozi. Ya pili ni mpira wenye kamera kupitia mdomoni: daktari hutoboa ukuta wa mfuko wa chakula kutokea ndani, akaweka kijibomba baina yake na kifuko. Hiyo haina kidonda cha nje, ila inataka vifaa na mtaalamu aliyezoea watoto. Ya tatu ni upasuaji wa kuunganisha kifuko na mfuko wa chakula, au na utumbo mwembamba ikiwa kifuko kimekaa mbali na mfuko wa chakula.

Kwetu walichagua upasuaji, kwa matundu madogo na kamera. Niliuliza sana, na nilivyoelewa ni hivi: kifuko kilikuwa kimegandana na ukuta wa nyuma wa mfuko wa chakula. Daktari akaufungua mfuko wa chakula kwa mbele, akapita, akatoboa ukuta wa nyuma mpaka ndani ya kifuko, akashona kingo za tundu hilo ili lisizibe mapema, kisha akafunga ule mlango wa mbele. Maji yakamiminika ndani ya mfuko wa chakula, na kutoka hapo yanapita utumboni, mahali ambapo tangu asili ndipo yalipotakiwa yende. Kifuko kikibaki kitupu hunywea, na lile tundu huziba lenyewe kwa muda.

Kabla ya kushona walikata kipande kidogo cha ukuta wakakipeleka maabara. Msikubali hatua hii irukwe. Darubini ndiyo inayothibitisha kwamba ni sisti bandia kweli na si uvimbe wa aina nyengine.

Alikaa chumba cha upasuaji karibu saa tatu. Siku ya tatu akanywa maji na juisi ya tufaha, siku ya tano akala uji, na wiki moja baadaye tukamrudisha nyumbani. Altrasaundi ya miezi mitatu haikuona tena kifuko. Sukari yake iko sawa.

Si kila kifuko kinatokana na kuanguka

Katika wodi ile nilikaa na mama wengi, na nilijifunza kwamba vifuko vya kongosho kwa watoto si vya kawaida, lakini vina sababu nyingi. Familia zetu za Omani zenye seli mundu zijue hili: ugonjwa huo huvunja chembe za damu, nyongo inakuwa na vijiwe hata kwa mtoto mdogo, na kijiwe kikiziba mlango wa mfereji, kongosho huvimba na baadaye huweza kuacha kifuko. Hapo kutibu kifuko peke yake hakutoshi, vijiwe navyo lazima vishughulikiwe.

Wako watoto wanaozaliwa na sisti ya kweli, na wako wanaozaliwa na mfereji wa nyongo uliopanuka, ambao kwenye picha huonekana kama kifuko cha kongosho. Wako wasichana, khasa waliokwisha kubaleghe, wanaopata uvimbe nusu nyama nusu maji ambao Virginia Frantz aliueleza mwaka 1959. Huo haukaushwi wala kuunganishwa na mfuko wa chakula, bali hukatwa wote, na wengi sana hupona kabisa. Ukiwa kwenye mkia wa kongosho, madaktari hujitahidi kuibakisha bandama, kwa sababu mtoto asiye na bandama hupata maambukizo mazito kwa urahisi na anahitaji chanjo maalumu. Na kwa wanaoishi karibu na mifugo na mbwa, ipo sisti ya minyoo, ambayo ni nadra mno kwenye kongosho, lakini ikitobolewa bila ya kutambuliwa ni hatari. Kwa hiyo msimharakishe daktari kutia sindano kabla ya kujua ndani mna nini.

Tulichobadilisha nyumbani

Baskeli ya mtoto wa ami haikutupwa. Baba yake alinunua mipira mipya ya usukani, akaitia gundi, akakaza breki. Kila mwenye baskeli nyumbani leo akaguse ncha za usukani: kama mpira umechakaa na chuma kimetokeza, ubadilishwe kabla ya mtoto kupanda tena. Ni jambo la riyali moja.

Jengine ni la ulimi. Mjukuu wangu alificha kwa kuwa alikatazwa, na aliogopa adhabu kuliko maumivu. Tumekubaliana nyumbani: atakayeanguka akasema, hagombezwi siku hiyo. Kugombeza kuna siku yake. Na sisi wazee, mtoto akishika tumbo, tumfunue tutazame, tumuulize kaanguka wapi, amegongwa na nini, lini, na hata kama imepita miezi miwili tumwambie daktari bila ya kungoja aulize. Alama ya mviringo juu ya kitovu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mtoto anacheka.

Juzi alikuja mbio jikoni. "Bibi, nimeanguka." Nikaacha mwiko, nikamfunua fulana, nikamtazama tumbo lote. Hakuna kitu, kachubuka kiwiko tu.

"Sasa mbona umekuja mbio hivyo?"

"Si mlisema nisema?"

Nikamwosha kiwiko, nikampa kaimati mbili, akarudi nje.